Nilimpa Mdogo Wangu Ugonjwa wa Moyo

Sehemu ya tano

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilipowaacha: mlangoni pa nyumba yetu, Jumanne mchana, viatu vya wageni vimepangwa kizingitini na ndani hakusikiki kicheko. Kwa aliyechelewa nitasema kwa ufupi, maana aibu hii nimeshaizoea kuisimulia.

Mimi ni Wagdi, mpaka vanishi wa samani hapa Dumyati. Kazi yangu ni kuziba nyufa za mbao na kupaka juu yake mpaka mnunuzi asione kitu. Baba alipofariki aliniachia karakana, mama, na mdogo wangu Inas, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na minne. Inas ameposwa na Hosam, fundi mchonga vitanda. Fatiha ya uchumba imesomwa, harusi ni baada ya Idi.

Baridi ilipoanza, Inas akaanza kuanguka. Yuko darasani na watoto wake, mara moyo unamwenda mbio, pumzi inakata, vidole vinaingia ganzi, anashika ukuta na kusema anakufa. Dakika kumi, robo saa, basi, imepita. Mama alimnywesha maji ya lile bakuli la shaba lenye aya, la kumtoa mtu mshtuko, aliloachiwa na bibi. Mimi nikampeleka kwa daktari wa moyo.

Daktari akampima kila kinachopimwa. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, akamwacha mgonjwa kwenye benchi la nje na kuniita mimi, mwanamume wa familia.

"Moyo wa huyu binti ni mzima kabisa," aliniambia. "Alichonacho ni ugonjwa wa hofu. Unajulikana na unatibika. Mpeleke kwa daktari wa nafsi." Akaniandikia barua.

Barua ile niliitia kwenye jiko la karakana siku hiyohiyo. Daktari wa nafsi! Mtaani kwetu ukionekana tu kwenye mlango wa daktari wa namna hiyo, watu wameshakupeleka Jumba la Manjano, hospitali ya wendawazimu, na kukufungia huko, na wachumba wa ukoo mzima wanatafuta njia ya kutokea. Lakini moyo! Moyo ni ugonjwa wa heshima. Watu wanakuombea dua na kukuletea machungwa.

Kwa hiyo nilitoka pale, nikakaa karibu na Inas benchini, nikamwambia, "Moyo wako ni dhaifu kidogo. Usijichoshe."

Wiki saba zikapita. Inas aliacha kupanda ngazi, akaacha kazi, akaacha hata kujifungia bafuni, asije akafia humo peke yake. Vidole viwili havikubanduka shingoni, anahesabu mapigo. Na mimi niliyejua ukweli nilikaa naye meza moja, tunakula mboga ya molokhia, namwambia, "Kula, mdogo wangu, upate nguvu."

Sasa nafungua mlango.

*

Hajjati Dawlat, mama yake Hosam, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba mapajani. Hosam alikuwa pembeni yake anaangalia zulia. Mezani palikuwa na sahani ya mishabbak, inang'aa kwa shira, na hakuna hata kipande kimoja kilichoguswa. Nikajua hawakuja kwa heri.

"Karibu, fundi," akasema Hajjati, humo humo ndani ya nyumba yangu.

"Umetuletea nuru, Hajjati."

"Nuru tuiache kwanza. Kaa."

Nikakaa.

"Wagdi mwanangu, mimi maneno ya kuzungukazunguka siyawezi. Inas anaumwa moyo, sivyo?"

Mama akadakia, "Ni udhaifu tu, Hajjati! Na wanawake wa mtaa mzima wanamwombea. Nimewaambia wote."

Amewaambia wote.

"Najua umewaambia," Dawlat akasema. "Mimi nimeambiwa na muuza samaki. Mama Wagdi, wewe ni mzazi kama mimi. Msichana mwenye moyo mbovu akishika mimba, hapo ni kucheza na kifo. Sitaki kumzika mkwe wangu. Tuachane kwa wema, kila mtoto apate riziki yake kwingine."

"Mama, si tulisema tutazungumza kwanza?" Hosam akanong'ona.

"Sasa hapa nafanya nini? Naimba?"

Mnaona nilichokifanya? Nilichagua moyo ili niilinde harusi, na ni huo moyo uliokuja kuivunja. Nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa nachimba shimo langu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaropoka. "Moyo wake ni mzima!"

Wote wakanigeukia.

"Mzima?" mama akauliza. "Si wewe uliyetoka kwa daktari ukasema..."

"Yaani, unaendelea vizuri."

"Unaendelea vizuri au ni mzima?" Dawlat akanikazia macho. "Na kama ni mzima, binti anaanguka kwa nini? Ana nini, Wagdi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningelitema, mambo yangeishia pale. Nikaangalia sura ya Hosam, nikaangalia sura ya mama, nikalimeza.

"Kaka, usiwadanganye watu kwa ajili yangu."

Inas alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Hatujui alikuwa pale tangu lini.

"Waache waende," akasema. "Hajjati ana haki. Mimi mwenyewe najua hali yangu."

Msomaji, ukweli pekee niliousema kwa wiki saba, mdogo wangu aliuona ndio uongo. Sijapata kujichukia kama wakati ule.

Sinia likaanguka. Inas akafuata. Midomo ilikuwa imepauka, mikono imejikunja kama ya kitoto kichanga, anavuta pumzi kwa haraka na hazimtoshi. "Nakufa," akasema. "Mama, nakufa."

Mama akapiga yowe. Hosam akasimama, akakaa, akasimama tena, anatafuta simu iliyokuwa mkononi mwake. Mimi nilibaki nimeganda pale pale, bwana mkubwa wa nyumba.

Aliyepiga magoti alikuwa Dawlat. Alishuka na vazi lake zuri kwenye kahawa iliyomwagika na vigae vya vikombe.

"Hosam, mpeleke Mama Wagdi jikoni. Sitaki kelele hapa." Kisha akainama. "Inas, niangalie mimi. Midomo inachonyota?"

Inas akatikisa kichwa kukubali.

"Unaona kama chumba kimekuwa mbali? Kama si kwenu?"

Inas akatoa macho. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo.

"Najua. Na unaona safari hii ndiyo yenyewe, sivyo? Kila safari huwa hivyo. Hufi, binti yangu. Toa pumzi, polepole, ndefu, kama unapoza chai. Tena. Usipigane nayo. Iache ije, halafu itaondoka."

Akakaa naye chini hadi vile vidole vikakunjuka. Dakika kumi na mbili, niliziangalia kwenye saa ya ukutani. Kisha akamlaza kwenye kochi, akamfunika, akanishika mkono na kunivuta hadi roshani.

"Daktari wa moyo alikwambia nini?"

"Alisema asijichoshe."

"Wagdi! Mimi nina mwaka wa kumi na moja na kitu hiki. Kila mwezi nikiaga kwamba nakwenda Mansura kwa dada yangu, mimi sina dada Mansura. Usinichezee."

Nilipigwa na butwaa. Hajjati Dawlat, ambaye wauza samaki wanamwogopa!

"Hosam anajua?"

"Hosam hajui. Marehemu baba yake hakujua. Na wewe hujui, tumeelewana? Sasa sema."

Nikasema. Nilimwambia yote, barua, jiko, benchi. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza hakunipigia kelele, ingawa nilitamani anipigie.

"Wiki saba," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza, kabla sijajua ni nini, nilikuwa nalala nimeoga na kuvaa nguo safi, ili watakaokuja kuniosha wasinikute mchafu. Mimi sikuwa na wa kuniambia. Yeye alikuwa naye, na alikuwa ni wewe."

Machozi yakanitoka.

"Usinililie mimi. Kesho saa tatu asubuhi uwe Mansura kwa Daktari Sohair, nampigia sasa hivi. Na kabla hamjafika, umwambie Inas mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Na harusi, Hajjati?"

"Bado unaulizia harusi!" Akaniacha na kuingia ndani.

*

Asubuhi tulikodi gari. Nilikata shauri kumwambia tukifika Faraskur. Tukapita Faraskur. Nikasema basi Zarka. Zarka nayo ikapita, na mimi nazungumza na dereva habari za mpira ambao hata siupendi.

"Kaka, huyu ni daktari mwingine wa moyo?" Inas akauliza.

"Ni bingwa wa mapigo."

Ndivyo nilivyosema. Pua kwa pua na ukweli, na bado nikapaka vanishi.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza. Inas alipumzika mara tatu kwenye ngazi, mkono shingoni. Tulipofika juu akasoma kibao cha mlangoni: magonjwa ya nafsi. Akakisoma tena.

"Kumbe na kichwa kimeharibika pia," akasema taratibu. "Na hilo ulikuwa unanificha, kaka?"

Kabla sijajibu jina lake likaitwa. Nikasimama, nikatengeneza kola, nikatangulia kama kawaida yangu. Daktari Sohair alikuwa mama mfupi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi ni kaka yake."

"Sikuuliza hilo. Kaa hapo nje."

Nikakaa. Lilikuwa benchi kama lile alilokalia Inas siku ile, na mlango umefungwa, na nyuma yake watu wawili wanazungumza mambo yanayonihusu na mimi siyajui. Nilikaa dakika hamsini, na nilizihisi zote.

Nilipoitwa, nilimkuta Inas amelia, lakini mabega yameshuka.

"Dada yako amenipa ruhusa ya kuzungumza mbele yako," daktari akasema. "Ana ugonjwa wa hofu. Humjia ghafla kama mafuriko, na kati ya furiko moja na jingine anaishi akiogopa lijalo. Si wazimu, wala si upungufu wa imani, na hauui. Atakuja hapa kila wiki tuzungumze, na nitampa kazi za kufanya nyumbani: leo ngazi tano, kesho kutwa kumi, siku nyingine hadi shuleni na kurudi. Kila anachokikimbia hofu inakichukua, na sisi tutavirudisha kimoja kimoja. Tukiona haja, ipo dawa, lakini nitaiandika mimi, na inachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Asimeze vidonge vya kuazima kwa jirani. Wengi nimewaona wakirudi kazini, wakiolewa, wakilea."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Ngoja. Kuna jambo sijalielewa. Anasema moyo wake ni mbovu. Kama ni kweli, siwezi kumpandisha ngazi ovyo. Daktari wa moyo alisema nini hasa?"

"Muulize kaka," Inas akasema. "Mimi nilikuwa nje."

Nilipiga moyo konde.

"Alisema ni mzima."

"Alisema lini?"

"Wiki saba zilizopita. Alisema ni hofu, aletwe kwa daktari kama wewe."

Inas aliweka kiganja kifuani. Akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu baridi ianze. "Mzima? Mzima kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo sifi."

"Hufi, mdogo wangu."

Tabasamu likakaa kidogo, kisha nikaliona likiondoka usoni mwake polepole.

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile nilipokushika mkono, nikakuusia umwangalie mama nikifa, umwoze Hosam mwalimu mwenzangu Rabab. Ukaniahidi."

"Nilikuahidi."

"Ulikuwa unajua moyo wangu ni mzima, na ukaniahidi."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili yake. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kwenye karakana, peke yangu, na yalikuwa matamu. Pale mbele yake hayakutoka, kwa sababu hayakuwa kweli. Nilifanya kwa ajili yangu, nisiitwe kaka wa mwendawazimu.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hajjati Dawlat. Tangu jana."

"Hata yeye alijua kabla yangu." Akamgeukia daktari. "Wiki ijayo nitakuja, daktari. Matibabu nayataka." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikutetemeka. "Tunakwenda nyumbani, na utamwambia mama leo. Ugonjwa kwa jina lake, na ulichokifanya. Sitaki kuja huku kwa kujificha, nikisingizia safari za kuwatembelea jamaa. Ukishindwa, nahamia kwa shangazi Port Said, na kaka sitakuwa naye tena."

Tulishuka zile ngazi. Hakupumzika hata mara moja. Nilimfuata nyuma na sikuthubutu kumshika mkono.

*

Tulipofika nyumbani kulikuwa kumejaa.

Mama, masikini, hakuweza kukaa mikono mitupu. Alikuwa amewaita wanawake wa mtaa kuusomea Kurani moyo wa Inas. Walikuwa ishirini au zaidi, makochi yamejaa, wengine chini kwenye zulia, misahafu mikononi. Mke wa mwoka mikate alikuwepo, na majirani wa mkabala, na kwenye kona, na kikombe cha kahawa, Hajjati Dawlat.

Usomaji ukakatika. Mama akaja mbio.

"Mwanangu, daktari amesemaje?"

Macho yote kwangu. Inas alikuwa nyuma yangu, mlangoni.

"Mama," nikasema, "moyo wa Inas ni mzima. Hauna ugonjwa wowote."

Sikupata nafasi ya kuvuta pumzi. Mke wa mwoka mikate aliachia kigelegele cha kwanza, na nyumba nzima ikadaka. Mama alianguka kusujudu palepale, akainuka analia na kucheka.

"Dua zenu! Dua zenu, wanawake! Jana alikuwa amelala hapa kama maiti, leo moyo mzima!"

"Na harusi iletwe mbele!" akapiga kelele mwingine. "Tusingoje Idi! Leteni sharubati!"

Mtu akaanza kurusha chumvi kufukuza jicho la husuda. Ilinipata usoni.

Nikamtafuta Dawlat kwa macho. Yule aliyenisukuma kusema ukweli, yule aliyepiga magoti kwenye kahawa, alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake, na hakuinua uso.

Basi mnaona nilivyofunguliwa njia. Wiki saba za uongo zilikuwa zinaoshwa mbele yangu na watu wazuri wenye furaha. Inas mzima, harusi ipo, jina langu safi, na hakuna aliyekuwa ananidai neno jingine. Nilitakiwa kunyamaza tu. Na Jumatano ijayo, mtu aliyekwisha kupona kwa dua ya mtaa mzima angeaga anakwenda wapi? Angebaki ndani na vidole vyake shingoni, na safari hii angejifunza kuanguka kimyakimya, tusimsikie.

Mama alinishika uso kwa mikono miwili. "Allah akubariki wewe," akasema. "Ulivyomhangaikia mdogo wako! Baba yako angekuona!" Akanibusu paji la uso mbele ya wote, na vigelegele vikapanda tena.

Nyuma ya sikio langu nilisikia pumzi za Inas. Zilikuwa zimeanza kwenda haraka. Kisha nikasikia ameitoa moja, ndefu, polepole.

"Malizia, kaka," akasema.